Mara Kumi na Tisa Getini Marangu

Jumatano, 14 Agosti 2024

Ukungu mzito, manyunyu mpaka saa tatu asubuhi. Mlima hauonekani.

Nimejiandikisha! Hakathoni ni mashindano ya kubuni kitu ndani ya siku chache huku ukijifanya hukuchoka. Hii ni ya siku nne, kesho mpaka Jumapili, kwenye kituo kimoja cha ubunifu mjini Moshi. Kila kundi linapewa ukanda wa kuvaa kichwani, una vihisio vinavyosoma mawimbi ya ubongo. Unautengenezea mchezo wa kompyuta unaochezwa bila kugusa kitu, kwa ubongo tu. Tangazo lao nililichapa mwenyewe hapa steshenari ninakofanyia kazi, Njoro, nakala mia mbili, nikasahihisha makosa sita bila kuombwa. Watu wenye makosa sita kwenye karatasi moja wanataka kusoma ubongo wa wenzao.

Zawadi: chumba kituoni kwa mwaka mzima, bure, chenye umeme na meza mbili.

Chumba hicho anakihitaji Rukia. Rukia ni fundi cherehani, anashonea kwenye baraza la duka la jirani. Mwenye baraza amemwambia aondoke mwisho wa mwezi, anataka kuweka friji la soda. Miaka sita ameshona hapo, leo friji limemshinda. Nimemwambia aingie kundini kwangu, atashona ukanda upendeze. Akajibu kwamba kompyuta anaijua kwa kuipangusa vumbi tu. Nikamwambia mambo ya akili aniachie mimi.

Mimi nina sababu yangu. Filbert amejiandikisha.

Filbert ni fundi simu wa Himo. Tulisoma darasa moja sekondari. Kidato cha tatu alinipita kwa alama moja ya Jiografia, na swali lenyewe lilikuwa na utata. Alikwenda Dar miaka miwili, akarudi na kipara na neno "projekti". Leo kanikuta mlangoni, akanipigia kelele mbele za watu: "Elifuraha! Bado unapiga kopi?" Nikamjibu kwamba ndiyo, na yeye bado anakopi. Jibu zuri. Lilinijia nikiwa tayari nimefika nyumbani Old Moshi, lakini naliandika hapa kama vile nililisema.

Alhamisi, 15 Agosti

Baridi. Mawingu. Kibo ilionekana dakika nne, saa moja na ishirini hadi na ishirini na nne.

Makundi tisa. Sisi ni namba nne. Filbert ni namba saba, yeye na vijana wawili wa Himo wanaocheka kila anapofungua mdomo.

Msimamizi anaitwa Hellen. Ana beji tatu shingoni, zote zina jina lake. Akatusomea kanuni kumi na mbili. Nimeandika kumi na moja. Ya tisa ilinipita kwa sababu Filbert alikuwa anacheka.

Mtu wetu wa tatu ni Shani, mwanachuo wa kompyuta. Kwa siku anasema maneno kumi, manane kati ya hayo ni "subiri". Lakini mpaka saa kumi jioni alikuwa ameshatengeneza mchezo. Wazo ni langu: mpanda mlima. Ukitulia, anapanda kutoka Geti la Marangu, Mandara, Horombo, Kibo, mpaka kileleni Uhuru. Ukikasirika au ukihangaika, anaporomoka mpaka getini. Akina Filbert wana tai anayepaa angani ukitulia. Tai! Mtu amezaliwa chini ya mlima huu, anakwenda kubuni ndege.

Nikawa wa kwanza kuvaa ukanda kwa sababu mimi ni kiongozi. Shani akanipaka maji ya chumvi kwenye paji la uso ili vihisio vishike. Mpanda mlima wangu akapiga hatua mbili, akasimama kama mtu aliyesahau sufuria jikoni, kisha akaporomoka. Nikarudia. Akaporomoka. Mara saba. Kosa ni la ukanda, liko wazi.

Rukia akaomba ajaribu. Akavaa huku anapinda pindo la gauni la mteja mkononi. Mpanda mlima akafika Horombo, na Rukia hakuwa hata anatazama. Shani akasema neno jipya: "Duh." Nimeliandika tukio hilo kwenye jedwali chini ya safu ya "Bahati".

Rukia akauliza kwa upole kama Jumapili asicheze yeye. Nikamweleza kwamba kundi linawakilishwa na kiongozi wake. Akasema sawa dada, akakata uzi kwa meno.

Ijumaa, 16 Agosti

Jua! Saa mbili kamili mlima wote wazi. Nimeuona kama dharau.

Mazoezi mara tano zaidi. Mara tano getini. Jumla kumi na mbili. Shani amechora mstari wa ubongo wangu kwenye kioo, unafanana na meno ya msumeno. Akaniuliza ninawaza nini ninapocheza. Nikasema siwazi lolote. Akaniuliza kama lolote hilo lina kipara. Watu wa maneno machache wakichagua maneno, wanachagua ya ovyo.

Kisha nikaenda meza namba saba kuchunguza. Filbert amekaa na ukanda, macho nusu, mdomo wazi, na tai wake anapaa kwa mizunguko mipana kama amelipwa. Alama sitini na nane kati ya mia. Nikapata maelezo ya kisayansi mara moja. La kwanza, kipara: vihisio vinashika vizuri. La pili, ndani hamna kitu cha kuvisumbua. Bonde tupu lazima liwe tulivu.

Akafungua jicho moja, akaniambia: "Mama Kopi, umekuja kujifunza au kunipepea?" Vijana wa Himo wakacheka mpaka wakashikana mabega. Rukia naye, mwanachama wa kundi langu mwenyewe, akatabasamu. Nimeona.

Mchana nikajaribu chai ya mchaichai. Getini. Nikajaribu kuhesabu kurudi nyuma kutoka mia. Nilifika sitini na nane, nikakumbuka alama za Filbert. Getini. Nikajaribu kusali. Getini, na hilo limenisikitisha zaidi.

Rukia amemaliza kushona kifuniko cha ukanda wetu. Kitenge cha kijani na njano, kimepindwa vizuri mno, vihisio vinatokeza kwa vitundu vidogo kama vifungo. Hellen alikipiga picha mara tatu. Rukia akanionyesha simu yake: mwenye baraza amemtumia ujumbe kwamba friji linaletwa tarehe ishirini na nane, si thelathini na moja. Siku tatu zimekatwa hivi hivi. Hakulalamika. Aliuliza tu kama chumba cha kituoni kina dirisha, maana kushona anataka mwanga. Nikamwambia madirisha mawili, nimehesabu. Nikamwambia pia kwamba chumba ni chetu.

Jumla ya leo: mara kumi na tano.

Jumamosi, 17 Agosti

Ukungu tena. Afadhali.

Mara nne. Kumi na tisa. Ya mwisho mpanda mlima hakuondoka kabisa getini, alikaa chini.

Nimefikia uamuzi, na nimeufikia kwa utaratibu. Ukanda wetu ni mbovu. Ukanda wa Filbert ni mzima. Kuacha kifaa kizima kwa mtu asiyestahili ni ubadhirifu. Kwa hiyo saa kumi na moja kasoro tano jioni, watu wote walipokwenda uani kula pilau, nilibaki nikasema tumbo linaniuma. Nikabandua stika yetu namba nne, nikabandua yao namba saba, nikabadilisha. Nikavua kifuniko cha Rukia, nikauvisha ukanda mzuri. Dakika tatu na nusu. Kazi safi kabisa. Pilau liliniponyoka, lakini ushindi una gharama.

Kanuni inaruhusu kundi kwenda na ukanda nyumbani kwa kusaini. Nikasaini. Filbert hachukui wake, anasema yeye hahitaji mazoezi. Kulijaribu jambo lenyewe sikuweza, maana kompyuta anayo Shani. Si kitu. Nikauweka ukanda kwenye kapu, juu ya kitambaa, nikapanda nao hadi Old Moshi.

Nyumbani nimeliweka kapu mezani jikoni. Mama alikuwa anapanga mayai na mkungu wa ndizi mshare kwa ajili ya sadaka ya kesho. Akauliza kwa nini ninatabasamu. Nikasema kazi imekwenda vizuri. Akasema hajaniona na meno hayo tangu Pasaka.

Jumapili, 18 Agosti

Manyunyu asubuhi. Sijui mlima ulikuwaje. Sikuwa na muda wa mlima!

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa mbili na nusu, kanisani na Mama. Ukumbini kwenye mashindano ilikuwa nifike saa nane mchana, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha. Ibada ikaisha. Mnada ukaanza nje, kama kila Jumapili: walioleta sadaka ya mazao wanayaweka mezani, yanauzwa, fedha inaingia kanisani. Mzee wa kanisa Wilson ndiye mnadi. Ana sauti ya kuuza hata mvua. Akauza mayai ya Mama. Akauza ndizi. Kisha akainua kitu cha kijani na njano.

Ukanda!

Nikamgeukia Mama. Mama alikuwa analia. Akaninong'oneza kwamba aliukuta kwenye kapu asubuhi, juu ya kitambaa safi, akajua nimeweka sadaka yangu kimya kimya. Akasema miaka thelathini na moja amenilea, na leo ndiyo mara ya kwanza nimetoa kitu bila kusukumwa. Akanishika mkono. Sasa mtu na akili zake angesema nini hapo?

Mzee Wilson hakujua ni nini, lakini hilo halijawahi kumzuia. Akatangaza kwamba ni mshipi wa kisasa wa kutuliza kichwa kinachouma, umeshonwa na mafundi wa mjini. Nikanyoosha mkono nikataja elfu mbili, yote niliyokuwa nayo. Mama akanivuta mkono chini, akasema ni aibu kukinunua ulichompa Mungu, watu wataona najuta. Mama mmoja wa kwaya akaununua kwa elfu sita, akaurudisha mezani uuzwe tena, ndivyo watu wenye uwezo wanavyoonyesha moyo. Ukauzwa tena. Ukarudishwa tena! Watu wanapiga vigelegele, mimi jasho linanitoka kwenye manyunyu. Mara ya tatu akaununua Babu Eliufoo kwa elfu kumi na tano, na yeye hakuurudisha. Akauvaa palepale, juu ya masikio, akafunga macho, akasema kweli unatuliza.

Babu Eliufoo alikuwa mpagazi wa mlimani, kisha kiongozi wa wageni, miaka arobaini. Nikamfuata. Nikampa shikamoo mbili. Nikamwomba aniazime mpaka jioni. Akaniuliza kama nimewahi kusikia mtu ameazima kitu kilichotoka madhabahuni. Nikamwambia kuna mashindano mjini, na chumba cha mtu kinategemea mshipi ule. Akafikiri kwa muda wa kuchemsha maharage. Akasema mshipi hauachi kichwa chake, lakini kichwa chake hakina shughuli mchana huu.

Kwa hiyo nikaingia ukumbini saa nane na dakika ishirini na mzee wa miaka sabini na sita, suti ya kahawia, fimbo, na kitenge kichwani. Rukia akamwamkia kwa magoti nusu. Shani akasema: "Subiri. Huyu nani?" Nikawaambia ndiye atakayetuchezea, ni mkakati. Rukia alikuwa amevaa gauni lake la Idi. Futi ya kupimia nguo ilikuwa mkobani, nadhani alitaka kupima dirisha.

Filbert akatangulia. Akavaa ukanda namba saba, akaachia mdomo kama kawaida. Tai hakuinuka. Hakutikisika. Filbert akapangusa kipara, akaongeza maji ya chumvi mpaka yakamtiririka puani. Hakuna! Vijana wa Himo walikuwa hawacheki. Hellen akamwambia apumzike, kompyuta yake iachwe ikiwaka, atarudia mwishoni. Katika maisha yangu sijawahi kuwa na dakika sita nzuri kama hizo. Nazitaja kwa heshima.

Kisha sisi. Babu Eliufoo akaketi, akaweka mikono juu ya fimbo, akafumba macho. Hellen akapiga kengele. Mpanda mlima wetu akasimama getini. Sekunde kumi. Ishirini. Hakuna hatua.

Kelele zikaanza upande wa pili wa ukumbi. Watu wamegeuka. Kwenye kompyuta ya Filbert, isiyo na mtu, tai alikuwa anapaa. Akapita miti, akapita mawingu, akaendelea tu, mbawa hazipigi hata. Tisini na sita kati ya mia! Alama kubwa kuliko zote za siku nne. Ukumbi mzima umesimama unapiga makofi, na Babu Eliufoo amelala usingizi kabisa, anakoroma kwa adabu.

Hellen hakupiga makofi. Akaja polepole na beji zake tatu, akageuza ukanda kichwani mwa mzee, akakwaruza stika kwa ukucha. Akaenda kwa Filbert, akakwaruza ya pili. Akauliza nani hakusikia kanuni ya tisa: kila ukanda umeunganishwa na kompyuta ya kundi lake tu, hauzungumzi na nyingine, usibadilishwe.

Hakuniangalia mimi peke yangu. Lakini wengine wote waliniangalia mimi peke yangu.

Kundi namba nne limefutwa. Ukanda wetu, ule niliouita mbovu, Hellen aliurudisha mezani kwetu akaupima mwenyewe. Mzima. Kwa uchunguzi tu, alisema, akamvisha Rukia. Rukia alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani. Mpanda mlima akatoka getini, Mandara, Horombo, Kibo, akafika Uhuru bila kupumzika. Themanini na tisa. Filbert, alipopewa ukanda wake halali, alipata sabini na moja na ndiye aliyeshinda.

Rukia akavua ukanda akaniwekea mkononi. Akasema: "Dada Elifuraha, ungeniambia tu kwamba unashindwa kutulia. Ningecheza mimi." Hakupaza sauti. Watu wanaopaza sauti mtu unajua pa kuwajibu.

Jumanne, 20 Agosti

Anga safi tangu alfajiri. Mlima wote, mpaka theluji yenyewe. Wageni wanapiga picha barabarani kama wamelipiwa.

Jana sikuandika. Nilikuwa na kazi. Babu Eliufoo, aliyeondoka na ukanda kichwani baada ya mashindano, alitakiwa kuurudisha kituoni, akasema alichokilipa kwa Mungu atarudishiwa na Mungu. Mama, ambaye sasa anajua yote, akaamua kwamba Mungu atamrudishia kwa kutumia kuku wangu mwekundu. Kuku amehamia kwa Babu. Mama hazungumzi nami, isipokuwa kuniambia kwamba hazungumzi nami.

Sasa habari kubwa. Filbert ameomba Rukia na Shani waingie kwenye chumba chake! Alisimama mbele ya Hellen akasema wao wana ndege, hawana mtu wa kushona vifuniko wala kichwa cha kufika Uhuru, na meza ziko mbili. Rukia amekubali. Kesho anahamisha cherehani, wiki moja kabla ya friji. Wametumia wazo langu. Wametumia mtu wangu niliyemtafuta mimi. Chumba ambacho nilisema kitakuwa cha Rukia kimekuwa cha Rukia, na hakuna hata mmoja aliyesema asante.

Rukia alipita steshenari mchana. Nikatoa kopi ya karatasi ambayo hakuna aliyeiomba, ili nionekane nina shughuli. Akanisalimu vizuri. Akasema Filbert ana ombi. Wanataka mtu wa kujaribu mchezo upande wa chini kabisa, mtu ambaye ubongo wake hautulii hata kwa dawa, ili wajue kama mashine inasoma sawasawa. Hellen ametazama rekodi za makundi yote tisa. Mstari kama wangu, akasema, haujawahi kuonekana. Rukia alijitahidi asicheke, akashindwa mwishoni. Akaongeza kwa sauti ndogo kwamba angependa nije, baraza lile tulizoea kuwa wawili.

Nimekubali. Kila Jumamosi, saa nne. Kwa masharti: nipewe cheo, kwa maandishi, na nikae meza iliyo karibu na dirisha. Filbert amejibu kwamba dirisha ni la fundi. Nitaona.

Nimelifikiria jambo zima kwa utulivu, hatua kwa hatua. Kosa halikuwa kubadilisha kanda. Kosa lilikuwa kuacha kompyuta. Mtu angebadilisha na kompyuta pia, mambo yangekuwa sawa. Nimeliandika hilo pembeni kwa kalamu nyekundu.

Zaidi ya hapo sina kinyongo na mtu. Nimewasamehe wote. Nimewaorodhesha kwa alfabeti, pamoja na kosa la kila mmoja, ili nisije nikasahau nimemsamehe nani na kwa lipi. Filbert amechukua kurasa tatu. Ameanza na Jiografia. Nimetulia kabisa, kama ningevaa ukanda sasa hivi, ningekuwa Uhuru.

Nalala sasa, saa tisa na dakika arobaini usiku.